Bata Sita na Maji ya Muhogo

Mimi ni fundi cherehani, tena ni mwoga. Hapa kijijini Titye watu wananijua kwa mambo hayo mawili: sare za shule ninazoshona kibarazani kwangu, na siku ile nilipopanda juu ya meza ya kukatia nguo kwa sababu bata dume alikuwa ananijia. Mteja aliyekuwepo alicheka mpaka akaondoka bila suruali aliyoifuata. Chekeni tu. Wahenga walishasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi kicheko nilikipokea kwa mikono miwili, nikidhani kilio hakinihusu.

Bata hawakuwa wangu, walikuwa wa mke wangu. Wawili wa kwanza alinunua kwa mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuja kutuuzia vitenge huku bata wamefungwa miguu ndani ya kikapu. Mke wangu aliuliza kama bata ni wagumu kufuga. Yule mama akacheka. "Bata haina shida, mama. Inakula kila kitu." Mimi nilikuwa kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedali, neno hilo nikalisikia vizuri sana. Laiti ningekuwa kiziwi siku ile.

Mwaka haukuisha wakawa sita, dume mmoja na majike watano. Hawa bata wetu wenye nyama nyekundu usoni hawalii kama watu wanavyodhani. Wanapuliza. Dume akikukasirikia ananyoosha shingo, anatikisa mkia na kutoa sauti kama tairi la baiskeli linaloishiwa upepo, halafu anakufuata polepole bila haraka yoyote, na hapo ndipo mimi nilipokuwa naikimbilia meza. Mke wangu alikuwa anampiga kikofi cha mgongo, anamwambia "Toka hapa, mzee wewe," naye anatoka. Mimi alikuwa ananisoma usoni. Mnyama anajua nani anamwogopa.

Halafu mke wangu akashika mimba. Hapo nisiwafiche kitu. Kabla ya mimba hiyo tulishazika watoto wawili, hakuna aliyefika hata siku ya kupewa jina. Mashimo yote mawili nilichimba mimi. Kwa hiyo watu walipotupongeza mara hii ya tatu, nilisema asante tu. Nilihesabu miezi kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja.

Mwezi wa saba wa mimba presha yake ikapanda. Tulikwenda Kibondo, kwa sababu mama yake anakaa Kumsenga, si mbali na hapo, na angeweza kumpelekea chakula, na hospitalini wakasema abaki wodini mpaka ajifungue. Mimi nilitakiwa kurudi nyumbani, wanaume hawalali kule. Nikiwa natoka, nesi mmoja alinivuta pembeni. "Baba, huyu mama hatakiwi kushtuka. Likitokea baya huko nyumbani, kaa nalo mwenyewe. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Nilielewa sana, mpaka nikakaa kwenye benchi la nje nikashindwa kunyanyuka.

Mke wangu mwenyewe hakuongelea presha. Aliongelea bata. Jike mmoja mweupe mwenye doa jeusi kichwani alikuwa ameanza kuatamia mayai kumi na mawili kwenye kona ya jiko, ndani ya ungo mbovu uliojazwa majani makavu. "Mengine yote nimemwachia Mungu," aliniambia, "lakini bata nimekuachia wewe. Nikirudi nikute vifaranga."

Sasa niulizeni mimi nilijua nini kuhusu bata. Asubuhi nilivaa buti za mvua hata kama jua linawaka, nikashika rula ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa, nikafungua banda na kuruka pembeni. Dume akitoka nampisha kama mkuu wa wilaya. Nilimwaga pumba kwa mbali. Jike wa jikoni sikumgusa. Kila siku, jua likishapanda vizuri, aliteremka mwenyewe kwenye ungo, akaenda kunywa na kujichovya, akala kidogo, kisha akarudi kwenye mayai kabla hayajapoa. Ni mara moja tu kwa siku. Ningeweza kuweka saa kwa yule bata.

Siku ya ishirini na mbili nikampigia mke wangu. Kuku anaangua siku ya ishirini na moja, hilo hata mtoto anajua, na mimi nilikuwa nimeinama kwenye ungo tangu alfajiri bila kusikia hata mlio. "Mayai yameharibika," nilimwambia. Akacheka mpaka nikaogopa kwamba hata kucheka kutampandisha presha. "Huyo ni bata, mume wangu. Siku thelathini na tano. Kaa utulie." Kisha akaongeza, "Mdomo wangu hauna ladha kabisa. Natamani ugali wa udaga, wa muhogo wetu wenyewe."

Hapo ndipo nilipojitia kwenye balaa, na nilijitia kwa mapenzi.

Udaga ni muhogo mchungu uliolowekwa mpaka ukalainika, ukaanikwa, ukasagwa. Kwetu kazi hiyo ni ya wanawake. Wanachimba muhogo, wanaumenya, wanaubeba mpaka bondeni, wanauloweka kwenye vidimbwi walivyochimba pembeni ya kijito, wanauacha siku tatu au nne, wanarudi kuutoa. Nimekuwa naona wanawake wakishuka na kupanda na mizigo ile tangu nikiwa mtoto, mama yangu akiwemo, na sikuwahi kuuliza kwa nini hawaloweki nyumbani. Nilidhani wanafuata maji. Basi.

Mimi bondeni sikutaka kwenda. Niwaache bata na nani? Kuna mwewe, kuna mbwa wa jirani, kuna dume mwenyewe ambaye angeweza kuingia jikoni akakanyaga mayai. Nilikuwa nimeshawaza vifo vya namna zote, kasoro kimoja. Kwa hiyo nilikaa kibarazani na kisu nikamenya muhogo wangu, nikaujaza kwenye pipa lililokatwa nusu, nikamimina maji niliyoyasomba kwa baiskeli alfajiri, bata wakiwa bado bandani. Ilikuwa kiangazi, kisima cha karibu kimekauka, na kila dumu lilikuwa limenitoa jasho kwenye kilima cha kutoka kisima cha mbali. Siku ya nne muhogo ukawa laini kama ndizi iliyoiva. Nikautoa na kuuanika juu ya kichanja.

Yakabaki maji. Meupe mazito, yananuka uchachu. Na bwawa la bata, yaani shimo nililolitandika turubai, lilikuwa limekauka.

Nilisimama pale nikafikiri. Maji haya nimeyapandisha kilima kwa miguu yangu mwenyewe, leo niyamwage chini? Tena yana wanga, ni chakula kabisa. Na bata anakula kila kitu. Nikayamimina yote bwawani, nikafungua banda, nikaruka pembeni, nikawaona watano wanakimbilia na kuzamisha midomo. Nikajisifu. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Fundi, na wewe una akili."

Muda si mrefu mama mkwe akafika.

Alikuwa ametoka Kumsenga kuchukua vitenge vya kumpokelea mtoto na unga wowote niliokuwa nao. Lazima niseme kitu kuhusu mama mkwe wangu. Vijana wa siku hizi wanakaa na wakwe zao kwenye kochi moja, wanatazama tamthilia. Huyu wangu ni wa zamani. Kwake mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani ana kwa ana. Kama hakuna mtoto wa kumtuma neno, anaongea na ukuta. Miaka sita ya ndoa nilikuwa simjui uso, namjua kisigino. Aliingia kwa nyuma, akakaa upande wa pili wa jiko, akakohoa.

"Atakayemwona mkwe amwambie mgonjwa anaendelea," akauambia ukuta.

"Atakayemwona mama amwambie nashukuru," nikauambia ukuta upande wangu.

"Amwambie pia mwanangu anataka udaga."

"Amwambie udaga uko juani."

Nadhani alishangaa. Mimi nikarudi kwenye cherehani nikiwa nimevimba kichwa, nikaanza kupiga pindo la sketi ya shule.

Jike wa kwanza aliangukia mbele yangu. Alikuwa anatembea kuelekea kivulini, akainua mguu mmoja, akashindwa kuuteremsha. Akalala ubavu. Mdomo wazi, shingo imepinda nyuma mpaka kichwa kikagusa mgongo, mabawa yanapiga vumbi. Nilifikiri ni kichekesho cha bata, kitu wanachokifanya ambacho mimi mgeni sikijui. Halafu akatulia. Nikatazama bwawani. Wawili walikuwa wamelala pembeni, na wa nne anahema kama mtu aliyekimbizwa.

Sikuwaza maji hata kidogo. Niliwaza adui. Niliwaza mteja niliyegombana naye juu ya koti, niliwaza jirani mwenye mbwa, niliwaza mkono wa mchawi ambaye alishachukua watoto wetu wawili na sasa anapita nyumbani kwangu mchana kweupe kuchukua vilivyobaki. Naona aibu kuandika hivi, maana mimi ni mtu wa kanisani. Lakini hofu haina dini. Nilikuwa nimeshapata jina la kumtaja, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Hapo dume akanijia. Yule yule. Ananijia mimi, lakini mara hii hakupuliza. Alitembea kilevi, nyama zake nyekundu zimegeuka rangi ya maini, akafika mpaka kwenye buti langu, akaweka kifua juu yake, akabaki hapo. Mwaka mzima nilikuwa namwogopa. Nikajikuta nimepiga magoti namshika shingo na kumwomba asife. "Mzee, usinifanyie hivi. Mzee, tafadhali." Akafa akiwa mkononi mwangu, mzito na wa moto.

"Mkwe!"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama uani, ametoka nyuma ya ukuta, kanga imemwanguka begani. Alikuwa ananusa hewa. Akatazama kichanja, akatazama pipa tupu, akatazama bwawa.

"Mkwe, umemwaga wapi maji ya muhogo?"

Kabla sijajibu, mlangoni mwa jiko akatokea jike mweupe mwenye doa jeusi. Muda wake ulikuwa umefika. Alijinyoosha, akatikisa mkia, akaanza safari yake ya kila siku, moja kwa moja kwenda bwawani.

"Mkamate!" mama mkwe alipiga kelele. "Ile ni sumu! Mkamate, weee, mkamate!"

Jamani, mimi sijawahi kumshika bata mzima katika maisha yangu. Nilikimbia na yale mabuti, nikajikwaa, nikaruka, nikamwangukia pembeni mwa turubai, mdomo wake ukiwa umebakiza shubiri moja kufika kwenye maji. Alinipiga mabawa ya uso. Kucha za bata ni kali, hilo sikuwa nimeambiwa. Alinichana kutoka kiwiko mpaka kiganjani. Sikumwachia. Nilimkumbatia huku nalia, nalia kabisa kwa sauti, na mama mkwe kwa mikono yake akavuta turubai lile upande mmoja maji yakamwagika kuelekea shimo la takataka.

Kisha tukabaki tunatazamana. Macho kwa macho. Ana macho ya mke wangu, yale yale, na kovu dogo juu ya nyusi. Nilikuwa sijui.

"Muhogo mchungu unalowekwa bondeni, baba," akasema taratibu, anahema. "Mbali na kuku, mbali na mbuzi, mbali na watoto. Ule uchungu unatoka kwenye muhogo unaingia kwenye maji. Hukujua?"

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Akatikisa kichwa. "Mana yanje," akasema kwa Kiha, yaani Mungu wangu, akaenda kuleta maji safi kwenye beseni.

Shida haikuishia hapo, kwa sababu jike nilipomwachia alikasirika. Alikunywa, akajichovya, halafu badala ya kurudi jikoni akaanza kuzunguka uani, anawatazama wenzake waliolala. Mayai kule jikoni yanapoa. Mimi nasimama, nakaa, nasimama. Namwomba kwa Kiswahili, namwomba kwa Kiha. Kichwani mwangu mlikuwa na wazo moja tu, na najua ni ujinga, lakini nilikuwa nalo: akiyakataa mayai haya, na kule Kibondo mambo yameharibika. Mama mkwe alinivuta mkono akaniketisha chini. "Ukimsimamia harudi. Mwache." Tulikaa chini wote wawili, mkwe na mama mkwe, kwenye vumbi moja. Baada ya muda mrefu mno jike akaingia jikoni mwenyewe. Tukasikia majani yanachakarika.

Wale watano nilitaka kuwapa mbwa, mama mkwe akakataa, akasema sumu inaweza kumfuata atakayewala. Nikachukua jembe. Nilichimba shimo moja refu nyuma ya migomba. Nilipofika kina cha magoti, mikono ikakataa kuendelea, maana inalifahamu shimo la kina kile. Mama mkwe akapokea jembe, akamalizia yeye.

Saa kumi jioni simu ikaita. Mke wangu alikuwa anapiga kila siku saa hiyo. Niliitazama inaita. Mama mkwe akanitazama.

"Kwema huko?" mke wangu akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kwema."

"Mama kafika?"

"Kafika."

"Na bata wangu?"

Nesi aliniambia nikae nalo mwenyewe. Nilikuwa na udongo kwenye kucha na damu mkononi. "Wazima," nikasema. "Wote wazima. Dume kanikimbiza tena leo."

Akacheka kidogo, pumzi tu. "Wote sita?"

"Wote sita. Na mtoto je?"

"Anacheza," akasema. "Anacheza tu, hatulii."

Nilipokata simu nilitegemea mama mkwe anilaumu kwa uongo. Alikuwa amegeukia ukuta. "Atakayemwona mkwe," akasema, "amwambie afunge huo mkono kitambaa."

Siku ya thelathini na tano vifaranga tisa walitoka, njano tupu na weusi kidogo mgongoni. Siku nne baadaye mke wangu alifanyiwa upasuaji, akatoka binti. Mdogo, mkali, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mimi kila jioni nilikuwa nimesema wazima, wote sita, mpaka uongo ukawa mazoea kama kupiga mswaki.

Walirudi nyumbani siku ya jua kali. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka stendi, na yote yakanikimbia tulipoingia uani. Alisimama na mtoto kifuani akatazama. Jike mmoja mweupe, vifaranga tisa nyuma yake. Akatazama banda lililo wazi, akatazama lile pipa nusu nililoligeuza juu chini pembeni ya kichanja. Yeye ni mwanamke wa huku. Hakuhitaji kuelezwa.

"Ulilowekea muhogo hapa," akasema.

Nikamwambia yote. Sikujitetea, nilisema tu, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Yule mama Mkongo na neno lake, baiskeli na kilima, dume juu ya buti langu, shimo, simu. Nikamwambia nilimdanganya, na nilimdanganya siku ile ile, udongo ukiwa bado kwenye kucha.

Nilitegemea ukali. Mke wangu anajua kufoka. Lakini aliuliza kitu kimoja tu. "Ile siku mama alipokuja?"

"Siku ile."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Akamrekebisha mtoto kifuani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Siku ile mtoto alikuwa hajacheza tangu asubuhi," akasema. "Nesi alitafuta mapigo hakuyapata. Akamwita mwenzake, naye hakuyapata. Wakaenda kumtafuta daktari. Nikabaki peke yangu, nikakupigia. Nilitaka kusikia kwamba kwangu kuna kitu bado kizima, hata kama ni bata. Ukaniambia wote wazima. Nikashika hapo hapo, sikuachia, mpaka daktari alipokuja akayapata."

Hofu ilinirudia upya, ya kitu kilichokwisha kupita, nikaona jinsi neno moja la kweli lingeweza kumwangukia saa ile. Nikakaa chini palepale uani, kwenye vumbi, mbele ya vifaranga. Jike mweupe akanyoosha shingo, akanijia akipuliza, akanidonoa mguu. Sikunyanyuka.